Majani Yake ni Mazuri

Tangu nipandishwe daraja sijala muhogo. Mimi ni mtoto wa Muheza, nimekulia muhogo wa nazi na wa kuchemsha, na ule wa kukaanga unaouzwa na pilipili kando ya barabara, na mama yangu akinisikia atadhani nimerogwa huku bara. Sijarogwa. Nilipewa barua yenye mhuri inayoniita Mtafiti Mwandamizi, na tangu siku ile nikiwekewa kipande cha muhogo kwenye sahani nakipasua kwanza kutazama ndani, halafu njaa inaniisha.

Nianze na pointi, maana bila pointi hutanielewa. Nikishakueleza huenda ukanielewa na bado usinihurumie, shauri yako.

Katika kituo chetu cha utafiti, nje kidogo ya mji wa Kasulu, mtu hapandi daraja kwa kuwa amemsaidia mkulima. Anapanda kwa makala. Makala katika jarida la kimataifa ni pointi moja kamili kama jina lako limeandikwa la kwanza. Likiwa la pili unapata nusu, likiwa la tatu unaambulia makombo. Kufika daraja nililolitaka zilihitajika pointi tano. Mimi nilikuwa na nne na robo, na nilikaa na nne na robo yangu miaka sita. Ildefonsi, niliyempokea akiwa mwanafunzi hajui hata kunyoosha mistari shambani, alinipita, akafika mahali akawa ndiye anayesaini likizo yangu. Alikuwa akiniita "Dada Anifa" kwa heshima zote, na heshima hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniuma zaidi.

Si kwamba nilikuwa sifanyi kazi. Nimezunguka vilima vya Heru Juu mpaka Munanila kwa bodaboda na kwa miguu, nimelala Kibondo kwenye nyumba za wageni zisizo na maji, nimewafundisha kina mama kung'oa mashina yenye ugonjwa wa batobato kabla hayajaambukiza shamba zima. Yote hayo kwenye fomu ya tathmini yana kisanduku kimoja tu, kinaitwa "Kaya zilizofikiwa", na ndani yake unaandika namba. Hakuna anayekuuliza kaya hizo zilifikiwa na nini.

Mkuu wetu, Dokta Brighton, si mtu mbaya. Nasema hivi mapema kwa sababu najua tukifika katikati utamtafutia fimbo. Mwanangu alipopatwa na homa kali ni yeye aliyeendesha gari mwenyewe kutupeleka hospitali, akakaa nasi kwenye benchi mpaka mtoto akapewa kitanda. Lakini na yeye ana wanaompima. Mwaka ule kituo chetu kilikuwa cha mwisho kati ya vituo kumi na kimoja kwa idadi ya makala, na barua iliyoleta habari hiyo aliibandika ukutani nyuma ya kiti chake, kwa hiyo kila ukiongea naye ulikuwa unaisoma.

Tulipopata mbegu mpya ya muhogo ya kujaribu, tuliyoipa jina la Namba Nne, aliniita ofisini. Ilitarajiwa kuhimili michirizi kahawia, ugonjwa unaoweza kuuacha mmea umesimama vizuri juu huku unaharibu muhogo chini ardhini. Akachukua kalamu, akaandika ubaoni maneno matatu: majani, mizizi, usambaaji.

"Anifa, wewe unaona utafiti mmoja hapa," akasema. "Mimi naona makala tatu. Ya kwanza jina lako litakuwa mbele."

Nilifurahi, nisikufiche. Tuliukata utafiti ule kama tunavyokata pingili za kupanda, kila kipande kibaki na macho ya kutosha kuota peke yake.

Shamba la majaribio tulipewa Heru Juu na Epifania Ndayikunda, mjane wa miaka zaidi ya hamsini, ambaye watu wanamwita Mama Generosa kwa jina la binti yake wa kwanza. Aliingia Tanzania akiwa mgongoni kwa mama yake, Burundi kunawaka, na uraia aliupata akiwa tayari na wajukuu. Cheti chake anakitunza ndani ya nailoni, ndani ya kopo la biskuti, na siku ya kwanza tu kufahamiana alinionyesha bila mimi kuomba.

Tulipompelekea mzigo wa kwanza wa pingili aliupokea kwa mikono miwili, akauweka kivulini, akaanza kuongea habari za mvua. Nikabaki nimesimama kama mtu anayesubiri chenji. Kwetu pwani hata ukimpa mtu kibiriti anakushukuru wewe na waliokuzaa. Njiani nikanung'unika, ndipo Makarius, fundi wetu wa shambani, Muha wa Munanila, akacheka.

"Dada, mbegu haishukuriwi," akasema. "Ukiishukuru haioti. Asante ni ya kitu kilichokwisha."

Akaniambia na la pili: mbegu ya muhogo hainyimwi. Anayekuja kuomba anapewa, awe ndugu, awe mtu mnayegombania naye mpaka wa shamba, na anayenyima atasemwa mpaka siku ya msiba wake. Kwa Mama Generosa jambo hilo lilikuwa na uzito zaidi kuliko kwa wengine. Alinieleza mwenyewe siku moja tukipalilia.

"Mwana wanje," aliniambia, maana ndivyo alivyokuwa akiniita, mwanangu, "hapa nimeomba mbegu miaka yangu yote. Siku watu wakija kuomba kwangu, ndiyo siku nitakuwa nimefika."

Majani ya Namba Nne yalikuwa mazuri. Mwezi wa tatu, wa sita na wa tisa tulikagua mmea mmoja mmoja, na sikuandika doa la maana. Watu waliokuwa wakipita kwenda kisimani walikuwa wakisimama kuangalia. Nilianza kuandika makala ya kwanza kabla hatujavuna, na kila nikifungua kompyuta nilikuwa nalitazama kwanza jina langu pale juu.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zimeshashika, tukang'oa mistari miwili ya katikati. Mihogo ilitoka mikubwa, ganda safi. Mama Generosa aliushika mmoja kama unavyoshikwa mguu wa mtoto mchanga, akaugeuza geuza, akaurudisha polepole kwenye kiroba. Hatukukata hata mmoja pale, kwa sababu utaratibu unasema ukaguzi wa ndani unafanyika kituoni.

Kesho yake Makarius akaanza kukata juu ya meza ya saruji. Muhogo wa kwanza mweupe. Wa pili mweupe. Wa tatu ulikuwa na kahawia ndani, kavu na ngumu, kama mtu kamwagia chai kwenye unga ikakaukia humo. Tulikata mihogo ya mashina sitini. Mashina arobaini na moja yalikuwa hivyo.

Makarius akaweka kisu chini. "Dada, hii imekula kwetu."

Nilikimbilia kwa Dokta Brighton na karatasi mkononi. Aliisoma namba kwa namba, na niliona uso wake ukianguka, kwa sababu yeye ni mtaalamu kabla ya kuwa mkuu wa kituo. Halafu akaiweka karatasi kwenye droo.

"Hii ni ya makala ya pili," akasema.

"Dokta, wakulima wanapanda sasa hivi. Mvua hii hapa."

"Msimu mmoja si ushahidi. Inaweza ikawa ni udongo wa pale. Na ukitangaza matokeo kijijini leo, kesho jarida litakuambia si mapya tena." Akaifunga droo. "Makala yako ya kwanza inahusu majani. Majani yana ugonjwa?"

"Hayana."

"Basi hujaandika uongo."

Kisha, bila kuinua macho, akanikumbusha kwamba mfumo wa tathmini unafungwa mwisho wa mwezi wa kumi na mbili, kwamba lengo letu ni kaya mia tatu zilizopata mbegu bora, na kwamba mpaka siku hiyo tulikuwa na kumi na tisa. Akasema tukate pingili kwenye mistari iliyobaki na kwenye shamba la kituo tulikopanda nyingine, tuzipeleke Kibondo.

Hakuna aliyenishikia bunduki. Ningeweza kusema hapana, nikarudi kwenye meza yangu na nne na robo yangu, Ildefonsi akaendelea kunisainia likizo. Badala yake nikaanza kujiambia kuwa labda kweli ni udongo. Mtu akitaka kuamini kitu hakosi sababu, na mimi nina shahada mbili za kutafuta sababu.

Tukarudi Heru Juu kukata pingili. Mama Generosa alitupokea na sahani ya muhogo aliokuwa ameung'oa mwenyewe pembeni ya shamba, umechemshwa. Akachukua kipande kimoja, akakiweka mbele yangu peke yake.

"Mwakeye, mwana wanje," akanisalimu. "Hebu nitazamie hiki. Kimekataa kuiva, na ndani kina rangi. Ni kitu gani?"

Nilikijua hata kabla hajakigeuza. Kilikuwa ni ndugu wa vile arobaini na moja.

"Bado tunachambua, mama," nikasema.

"Haya. Mkimaliza mtaniambia." Akamtupia mbuzi, akasogeza kigoda chake karibu. "Na jambo lingine. Watu wanakuja kuniomba hii mbegu. Jana kaja Melkiadi, huyu jirani, hajakanyaga kwangu tangu mume wangu afe. Wamekuja na wengine kutoka Rungwe Mpya. Wameona inavyosimama. Mimi nimewaambia wangoje kwanza nimuulize mtaalamu wangu. Sasa niwape?"

Makarius alikuwa nyuma yangu ananoa panga kwenye jiwe. Akaacha kunoa.

Neno moja lingetosha. "Ngoja," basi. Sikuhitaji hata kumweleza sababu. Angewaambia watu mtaalamu kasema ngojeni, na wangengoja. Nilitazama shamba lile la kijani lililooshwa na mvua, nikawaza jina langu pale juu, nikasema kitu cha kweli kabisa.

"Majani yake ni mazuri."

Uso wake wote ukafunguka. "Basi nitawapa."

Makarius akarudi kunoa. Njiani nikajifanya nasoma simu.

Kibondo tuligawa kwa siku mbili, kaya mia tatu na kumi na mbili. Kila mmoja alisaini, asiyejua kuandika akaweka dole gumba. Hakuna hata mmoja aliyenishukuru. Walikuwa wakipokea mizigo yao kimya, na sasa nilijua maana ya kimya kile: walikuwa wanaamini itaota. Nilitamani mmoja akosee, aseme asante kwa bahati mbaya. Mwanamke mmoja kijana, Uwimana, mwenye mtoto mgongoni, aliniuliza kama aing'oe mbegu yake ya zamani apate nafasi ya hii. Nikamwambia afanye anavyoona inafaa, na yeye akasikia ndiyo.

Kisanduku kikajaa. Kwenye kompyuta ya Dokta Brighton mstari wa kituo chetu ukageuka kutoka mwekundu ukawa kijani, akaniita niuone.

Makala ikaenda jaridani. Mhakiki mmoja, sijui yuko nchi gani, aliuliza swali moja la maana: na mizizi je? Dokta Brighton akaniandalia jibu, kwamba takwimu za mizizi zitawasilishwa katika makala nyingine. Mhakiki akaridhika. Mwezi wa nne ikachapishwa, mwezi wa saba nikapata barua. Ofisini waliniletea keki na soda, na Ildefonsi, aliyekuwa safarini, akapiga simu kunipongeza akasema sasa tuko sawa, Dada. Nililia mbele za watu, wakadhani ni furaha, wakanipigia makofi.

Ile makala ya pili haikuandikwa. Kila nikiifungua kulikuwa na kazi nyingine ya haraka, na kusema kweli mbegu iliyoshindwa si habari ambayo majarida yanaigombania. Unaweza kuihangaikia mwaka mzima usipate hata robo. Tukaruka moja kwa moja kwenye ya tatu, ya usambaaji, na mwezi wa kumi na mbili uliofuata mimi na Makarius tukatumwa tena Kibondo kuhesabu Namba Nne imefika wapi.

Imefika mbali. Kaya zile mia tatu na kumi na mbili zilikuwa zimegawia wengine tayari, maana mbegu hainyimwi, na kufikia siku ya tatu daftari langu lilikuwa na kaya mia saba na tisini. Dokta Brighton alipiga simu kuuliza, nikamtajia namba, akasema hajawahi kuona kitu kama hicho, makala hiyo itapokewa na jarida lolote tunalotaka. Nilikuwa namsikiliza nikiwa nimesimama uani kwa Uwimana. Yeye alikuwa amekaa chini, mtoto sasa anatembea, anakata mihogo aliyoivuna asubuhi na kuitenga, mizuri huku, yenye kahawia kule. Rundo la kule lilimzidi kimo mtoto.

Hakunilaumu. Aliniuliza kama kuna namna ya kuupika ukaliwa, labda kuuloweka siku nyingi zaidi kabla ya kuukausha uwe udaga wa kusaga unga.

"Mbegu yako ya zamani ipo?" nikamuuliza.

"Niliing'oa," akasema. "Si mlituletea hii?"

Nilifunga daftari kabla sijamwandika. Nikamwambia Makarius anipeleke Heru Juu, akageuza gari bila kuuliza kwa nini.

Mbele ya mlango wa Mama Generosa kulikuwa na lundo la miti ya muhogo, mingine mikavu, mingine bado inatoa utomvu, imefika usawa wa kiuno changu. Hakuna aliyekuja kugombana naye. Walikuwa wakipita kwenda mashambani, na kila mmoja akaitupa pale mbegu aliyopewa. Makarius alinieleza kwa sauti ya chini, bila kunitazama, kwamba ukimrudishia mtu mbegu yake umemwambia arudi alikotoka.

Alikuwa amekaa kizingitini. Hakunyanyuka kutupokea. Pembeni yake lilikuwapo lile kopo la biskuti.

"Melkiadi kasema mkutanoni kuwa Warundi tumewaletea ugonjwa," akasema. "Mkutanoni, mwana wanje, watu wote wapo. Mwenyekiti akaniuliza kama cheti changu ninacho."

Nilikaa chini, kwenye udongo, sketi yangu ya ofisini na yote. "Mama, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kile kipande ulichonionyesha. Nilijua ni ugonjwa. Tulikuwa tumeshakata mashina sitini kule kituoni, arobaini na moja yalikuwa hivyo hivyo."

"Siku ile niliyokuuliza kama niwape?"

"Siku ile ile."

"Ukaniambia majani."

"Nikakuambia majani."

Nikaanza kumweleza habari za pointi, nne na robo, jina la kwanza, mfumo unaofungwa mwisho wa mwaka. Nilijisikia mwenyewe nikiongea na nikaona aibu, lakini sikuweza kuacha mpaka nikafika kwenye barua ya kupanda daraja. Alinisikiliza kwa makini, kama mtu anayesikiliza habari za ugonjwa wa jamaa yake.

"Na hiyo barua wamekupa?" akauliza.

"Wamenipa."

"Umeitunza wapi?"

"Kwenye sanduku," nikasema. "Ndani ya nailoni."

Akaliangalia kopo lake. Akaliweka upande wa pili, mbali na mimi. Sijawahi kuona kitu kidogo kama kile kikiniumiza hivyo.

"Utawaambia wewe," akasema mwishowe. "Mimi hawatanisikia. Jumapili, wakitoka kanisani, pale ofisi ya kitongoji. Uwaambie kama ulivyoniambia mimi, na hayo ya majani usiyaache."

Ijumaa niliandikia jarida barua, nikaweka na namba zote za mizizi, nikaomba makala yangu ifutwe. Nakala nikampelekea Dokta Brighton mkononi. Aliisoma amesimama.

"Makala ikifutwa, pointi inafutwa," akasema. "Na daraja litaulizwa."

"Najua."

"Na kituo je, Anifa? Wakitufunga hapa, nani atawakagulia mihogo hao watu wako?"

Alikaa kwenye kiti chake chini ya ile barua ya ukutani, akashika kichwa. Hakunikataza kwenda. Nilimwambia saa na mahali, na hakusema kama atakuja.

Hakuja. Jumapili tulikwenda mimi na Makarius. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, wengine wamesimama na vitabu vya nyimbo mkononi, na Melkiadi, mzee mrefu mwenye koti la suti, amekaa mbele karibu na mwenyekiti. Mama Generosa alikuwa amekaa nyuma kabisa, peke yake, nafasi ya watu wawili imeachwa kila upande. Makarius, kwa mazoea, alikuwa ameshatoa fomu ya mahudhurio na kalamu ili izungushwe. Nikamwambia airudishe kwenye begi.

Nilisema yote. Nilisema ugonjwa haukutoka Burundi wala kwa mtu yeyote wa pale, ulikuja na pingili zetu au ulizikuta zikashindwa kuuhimili, na kwa vyovyote sisi ndio tuliotakiwa kuwaambia. Nilisema mama huyu aliona kwa macho yake, akaniuliza kabla hajampa mtu hata kijiti kimoja, na mimi nikamjibu habari za majani kwa sababu nilitaka cheo. Nilisema waing'oe yote waichome, hata ile inayoonekana nzima. Mtu mmoja akauliza watapanda nini. Nikasema nitazunguka kutafuta mbegu safi ya zamani, ila siwezi kuwaambia nitaipata lini, maana sijui.

Melkiadi akasimama. "Kwa hiyo si yeye?"

"Si yeye. Yeye aliuliza."

Akakaa. Hakuna aliyepiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa mawe.

Kisha Mama Generosa akanyanyuka kule nyuma, akapita katikati ya watu mpaka nilipo. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama alivyoupokea ule mzigo wa kwanza, akasema kwa Kiswahili na kwa sauti, kila mtu asikie:

"Asante kwa mbegu."

Watu wakageuka kutazamana. Nililijua neno lile na kazi yake, na nilitamani ardhi inimeze. Alikuwa anaiua mbegu yangu mbele ya kijiji kizima, na alikuwa anasema ni yangu.

Mwanamke aliyekuwa mbele akafunga kitabu chake cha nyimbo, akaja, akanishika mkono. "Asante kwa mbegu." Akafuata mumewe. Wakajipanga, kama wanavyojipanga msibani kumpa mfiwa pole, na kila aliyefika alinishukuru, wazee, vijana, mabinti waliovaa nguo za kwaya. Hakuna aliyekwenda kumshukuru Mama Generosa. Walikuja wote kwangu. Alikuwa amesimama pembeni yangu, na waliokwisha kunishika mkono walikwenda kusimama upande wake, si kwa maneno, walisimama tu pale kama watu wanavyosimama na jirani yao.

Melkiadi alikuja wa mwisho. Alinishukuru akiangalia pembeni, akampita Mama Generosa bila kumsemesha, akavaa kofia yake akaondoka. Mama Generosa alimtazama mpaka akapotea kwenye kona.

Makarius alikuwa ameshakwenda kuwasha gari. Mimi nilibaki nimesimama, mkono unaniuma. Mazoea ni kitu kibaya: nilikuwa nimewahesabu. Walikuwa hamsini na wanane.